Ziwa Moja, Ng'ambo Mbili: Barly Baruti na Lugha Isiyosikika katika Madame Livingstone

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Madame Livingstone (2014), kitabu cha vibonzo kilichochorwa na Barly Baruti wa Kisangani na kuandikwa maneno yake na Christophe Cassiau-Haurie. Kitabu kinasimulia Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika. Hoja yetu ni kwamba kiini cha kazi hii ni kiongozi wa njia, yaani mtu ambaye nguvu yake yote imo katika lugha na ujuzi wa nchi, lakini kanuni za vibonzo vya Kifaransa zinaificha lugha hiyo. Tunakisoma kitabu kutoka upande wa mashariki wa ziwa, katika uwanda wa juu wa Ufipa, na kuonesha kwamba kukitafsiri kwa Kiswahili kungeibua maswali ambayo toleo la Kifaransa halilazimiki kuyajibu.

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeanza kuzoea wazo kwamba kazi iliyoandikwa kwa lugha nyingine inaweza kuwa na Kiswahili ndani yake. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), ilisomwa kwa Kiingereza kwa takribani miongo mitatu kabla ya Ida Hadjivayanis kuitafsiri kwa jina la Peponi (2022). Ilipofika, wasomaji wengi waliona kwamba wahusika wake walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu mwanzo, na kwamba Kiingereza kilikuwa kimewafunika tu. Swali hilo halijaulizwa vya kutosha kuhusu vibonzo. Tunatumia neno vibonzo kwa maana ya masimulizi yanayoendelezwa kwa mfuatano wa picha ndani ya visanduku, huku maneno ya wahusika yakiwekwa ndani ya viputo.

Sababu moja ya ukimya huo ni kwamba vibonzo vya Kiswahili vyenyewe vilichukuliwa kwa muda mrefu kuwa burudani ya gazetini. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, wahusika wa jarida la SANI, na Kingo wa James Gayo walisomwa na watu wengi kuliko riwaya nyingi zilizomo katika mitaala, lakini hawakupata nafasi sawa katika uhakiki. Hata Abunuwasi (1996) wa Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kama Gado, kitabu kilichotolewa na Sasa Sema Publications ya Nairobi na kilichomtoa mjanja wa hekaya za kale katika simulizi ya mdomo na kumweka katika visanduku, hutajwa zaidi kama hatua katika maisha ya mchora katuni wa siasa kuliko kama matini ya fasihi.

Makala haya yanachukua hatua nyingine. Yanamwangalia mchoraji ambaye hakuchapisha kazi zake kuu kwa Kiswahili, lakini ametoka katika mji wa Kiswahili na hatimaye amechora ziwa ambalo watu wa pwani zake zote huelewana kwa Kiswahili. Mahali petu pa kusimama ni Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, ambako barabara hushuka kutoka uwanda wa juu kwenda Kirando na Kipili, ufukweni mwa Tanganyika. Uchaguzi huo una sababu ya kiuhakiki. Kitabu kinatazama ziwa kutoka magharibi, na msomaji wa mashariki anaona vitu ambavyo mtazamo huo unaviacha kwenye upeo wa macho.

2. Kutoka Kisangani hadi Brussels

Barly Baruti, ambaye jina lake kamili ni Baruti Kandolo Lilela, alizaliwa Kisangani tarehe 9 Desemba 1959, miezi michache kabla ya Kongo kupata uhuru. Mji huo, ulioitwa Stanleyville wakati wa Wabelgiji, ni mpaka wa lugha. Kilingala kilipanda Mto Kongo kutoka magharibi, nacho Kiswahili kilifika kutoka mashariki pamoja na misafara ya Waunguja. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliteuliwa kuwa gavana wa eneo la maporomoko hayo mwaka 1887, na tawasifu yake ni miongoni mwa nathari za mwanzo za Kiswahili zinazosomwa hadi leo. Kwa hiyo mtoto wa Kisangani hukua akisikia zaidi ya lugha moja sokoni, huku Kifaransa kikiwa lugha ya darasa na ya kitabu.

Mgawanyo huo wa lugha unaonekana katika kazi ya Baruti tangu mwanzo. Kitabu chake cha awali, Le Temps d'agir (1982), yaani wakati wa kutenda, kilihusu utunzaji wa mazingira. Mwaka 1987 kilifuata La Voiture, c'est l'aventure, pamoja na kitabu kuhusu mwanamuziki Papa Wemba. Kazi za namna hii zilikuwa njia ya kawaida kwa wachoraji wa Afrika wa kizazi chake. Aliyetaka kuchapisha alilazimika mara nyingi kufundisha jambo fulani, na aliyelipia kitabu alikuwa na neno kuhusu ujumbe wake. Katikati ya miaka ya 1980 Baruti alikwenda Brussels kujifunza katika studio ya Hergé, mtunzi wa Tintin, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alishiriki kuanzisha Acria, karakana ya Kinshasa iliyowafunza vijana uchoraji wa vibonzo. Baadaye alihamia Ubelgiji. Akishirikiana na mtunzi Frank Giroud alichora Eva K. katika juzuu 3, kisha Mandrill, mfululizo wa hadithi za jinai uliofikia juzuu 7 kati ya 1998 na 2007 katika kampuni ya Glénat. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kushika mfululizo mrefu katika soko kuu la vibonzo la Ulaya.

Kuhusu studio ya Hergé kuna jambo moja ambalo halifai kupitwa. Tintin au Congo, iliyoanza kutoka gazetini mwaka 1930, ndiyo picha ya Kongo iliyosambaa zaidi katika historia ya vibonzo. Lawama dhidi yake huelekezwa kwenye sura za watu, midomo minene na macho ya mshangao. Lakini dhihaka ya kitabu kile imo pia ndani ya viputo. Wakongo wake huzungumza Kifaransa kilichovunjika, wakati Tintin, na hata mbwa wake, huzungumza Kifaransa safi. Msomaji hufundishwa kwamba anayekosea sarufi ana upungufu wa akili, wala haambiwi kwamba watu hao walikuwa na lugha zao ambazo mgeni ndiye aliyeshindwa kuzizungumza. Mchoraji wa Kikongo aliyeingia katika studio ile alikuwa anajifunza ufundi kutoka katika nyumba iliyowahi kuutumia ufundi huohuo kuwanyima watu wake ulimi.

3. Kiongozi wa njia

Madame Livingstone kinarudi Kongo ya mwaka 1915. Gaston Mercier, luteni na rubani wa jeshi la Ubelgiji, anatumwa Ziwa Tanganyika kusaidia kuizamisha Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyotawala maji hayo. Ili aipate anahitaji mtu anayeijua nchi. Anapewa kiongozi wa njia, chotara anayevaa sketi ya mirabaraba ya wanaume wa Uskoti na kudai kwamba baba yake ni David Livingstone. Kwa sababu ya vazi hilo anaitwa Madame Livingstone. Kadiri safari inavyoendelea, amri na utii vinageuka urafiki mgumu, na rubani anaanza kuiona vita kwa macho ambayo hakuja nayo.

Usuli wa hadithi ni wa kweli. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa kwa vipande hadi Dar es Salaam na kisha Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Waingereza walivuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Kongo hadi ziwani, na Wabelgiji wakaleta ndege za majini walizoazimwa na Waingereza. Nyuma ya mashine hizo walikuwapo watu. Kampeni ya Wabelgiji iliyoishia kutekwa kwa Tabora, tarehe 19 Septemba 1916, ilitegemea wapagazi zaidi ya 200,000.

Katika mazingira hayo, kumfanya kiongozi wa njia kuwa jina la kitabu ni uamuzi wenye uzito. Katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, mtu wa aina hii hutajwa kwa jina moja au hatajwi kabisa, ingawa bila yeye mgeni asingevuka hata mto mmoja. Baruti na Cassiau-Haurie wamempa nasaba, vazi, na siri. Dai lake la nasaba pia haliko mbali na jiografia. Livingstone alilifikia ziwa upande wa kusini mwaka 1867, na mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, alipita pwani ya mashariki katika nchi ya Wafipa kabla ya kufariki mwaka uliofuata. Mtoto wake wa kubuni angekuwa na umri wa zaidi ya miaka 40 wakati wa vita, mtu mzima anayezeeka akingoja jina la baba limpe haki ambayo rangi ya mama inamnyima. Hilo ndilo jeraha la mhusika huyu. Wakoloni wanamtukuza Livingstone kwa sanamu na majina ya miji, lakini hawawezi kumkubali anayedai kuwa damu yake.

Uchoraji wenyewe unaendana na uamuzi huo. Mtindo wa Hergé hutumia mstari mweusi wa unene mmoja na rangi zisizo na kivuli, hivyo kila kitu kina mpaka na ulimwengu wote unaonekana kujulikana. Katika Madame Livingstone Baruti anapaka rangi moja kwa moja juu ya mchoro, kwa namna inayoruhusu ukungu, vumbi, na mwanga unaobadilika juu ya maji. Tunaweza kuisoma tofauti hii kuwa ya kimaana. Katika ulimwengu wa mstari wa wazi mgeni hahitaji kuongozwa, kwa kuwa kila kitu kimekwisha kutajwa. Katika ulimwengu wenye ukungu hawezi kusogea bila mtu wa nchi. Mwanafunzi wa studio ile ameuacha mstari wa mwalimu mahali palepale ambapo mstari huo ungemfanya kiongozi wa njia asiwe na kazi.

4. Lugha iliyofunikwa

Hata hivyo, kazi ya kiongozi wa njia ni kusema. Anauliza maji yako wapi, anapatana bei ya mtumbwi, anatofautisha habari na uvumi. Katika pwani za Tanganyika mwaka 1915 kazi hiyo ilifanyika kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, lugha ya Ujiji na ya njia za biashara, ambayo utawala wa Wajerumani pia uliitumia upande wa mashariki. Katika kitabu yote haya yanatufikia kwa Kifaransa. Hili si kosa la watunzi. Ni mkataba wa utanzu wenyewe, kwani kiputo humwezesha kila mhusika kuzungumza lugha ya mnunuzi wa kitabu. Ila mkataba huo una gharama, na hapa anayeulipa ni yule ambaye kitabu kilikusudia kumpa heshima. Ujuzi wa rubani unaonekana katika picha, kwa sababu ndege huchorwa. Ujuzi wa kiongozi hauchoreki kwa urahisi, kwa sababu umo katika kubadili lugha, na lugha zote zimefanywa moja.

Lazima pia tukumbuke kwamba maneno ya kitabu ni ya Cassiau-Haurie, Mfaransa mkutubi aliyefanya kazi Kinshasa na ambaye ni mmoja wa watafiti wakuu wa historia ya vibonzo vya Afrika. Ushirikiano huu umefanyika kwa uangalifu, lakini unarudia mgawanyo tuliouona tangu Le Temps d'agir. Mkono ni wa Kisangani na kiputo ni cha Kifaransa. Mwaka 2021 kitabu kilitolewa pia kwa Kiingereza. Kwa hiyo hadithi ya ziwa hili imekwisha kusomeka katika lugha za nchi mbili zilizoshirikiana kupigana humo, kabla ya kusomeka katika lugha ya watu wanaolivuka.

5. Sketi, msuli, na jina

Ugumu wa kukitafsiri unaanza kwenye jalada. Mzaha wa jina Madame Livingstone unategemea imani moja, kwamba suruali ni ya mwanamume na vazi la kuzunguka kiuno ni la mwanamke. Katika bandari za ziwa imani hiyo haikuwa na mashiko. Wanaume walivaa msuli, shuka, na kanzu. Ufipa yenyewe ilijulikana kwa nguo nzito za pamba, na wafumaji wake walikuwa wanaume. Kwa macho ya mtu wa Kirando wa wakati ule, mwanamume aliyejifunga kitambaa cha rangi kiunoni hakuwa ameiga wanawake, bali huenda alikuwa amevaa vizuri kuliko askari wa kaptura. Yeyote anayelitamka jina hilo ndani ya hadithi, mzaha wake umeshonwa Ulaya. Na historia inauongezea kejeli, kwa kuwa Geoffrey Spicer-Simson, kamanda wa Mimi na Toutou, alikuwa akivaa sketi mbele ya askari wake ziwani humo.

Mfasiri angechagua neno gani? Bibi Livingstone linaonekana kuwa jibu jepesi, lakini Tanzania bara neno hilo humleta akilini ajuza, na katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo bibi ni mke. Kalemie msomaji angedhani habari ni ya mke wa Livingstone, na dai zima la mtoto kwa baba lingepotea. Mama Livingstone ni cheo cha heshima, kwa hiyo kingeifuta dhihaka. Bi Livingstone lingemhamishia mhusika Unguja. Madamu Livingstone lina kasoro zake, kwa kuwa mwanafunzi wa Tanzania angemfikiria mwalimu wa kike, lakini lina sifa moja ambayo mengine hayana. Linasikika kama neno lililoletwa. Msomaji angetambua kwamba kejeli hii imevuka bahari kabla ya kuvuka ziwa, na tunadhani ndilo chaguo la haki zaidi.

Tatizo la pili ni zito kuliko la kwanza. Mhusika wa Kikongo azungumze Kiswahili kipi? Ukimpa Kiswahili sanifu cha Tanzania, umeifunika sauti yake upya, safari hii kwa mkono wa jirani. Ukimpa Kiswahili cha Kongo, kinachoitwa pia Kingwana, umeirudisha sauti, lakini umekabidhi kitabu kwa wasomaji waliozoea kukicheka Kiswahili hicho katika vichekesho na mazungumzo ya kila siku. Hapo tungekuwa tumerudi kwa Tintin bila kujua, tukipima akili ya mtu kwa upatanisho wake wa kisarufi, na safari hii hatungekuwa na Mbelgiji wa kumlaumu. Kwa maoni yetu tafsiri inapaswa kuthubutu kutumia Kingwana, na kukitumia kwa wahusika wenye mamlaka ya ujuzi, hasa kiongozi mwenyewe. Afisa wa Kizungu ndiye azungumze Kiswahili cha kubabaika pale anapokizungumza. Kwa njia hiyo kiputo kingeonesha kile ambacho Kifaransa hakikuweza kukionesha, yaani nani alikuwa mgeni.

6. Meli isiyokufa

Mtazamo wa mashariki unabadilisha pia mwelekeo wa hadithi. Shauku inayowasukuma wahusika ni kuizamisha Graf von Götzen. Msomaji wa Paris au Brussels anaweza kuifuata shauku hiyo hadi mwisho bila wasiwasi. Msomaji wa Nkasi anajua jambo ambalo rubani hajui. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli Julai 1916 baada ya kupaka mitambo yake grisi, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Hilo ndilo jina la ziwa ambalo Livingstone aliambiwa na watu wa kusini mwaka 1867. Kwa miongo mingi meli hiyo ilipita Kirando, Kipili, na Kasanga, abiria wakipanda na kushuka kwa mitumbwi katika sehemu zisizo na gati. Lengo la kijeshi la kitabu ni, kwa msomaji huyu, chombo kilichobeba dagaa, mahindi, na jamaa zake.

Kejeli hii haimo katika matini peke yake. Inazaliwa pale matini inapokutana na msomaji wa upande huu, nayo inaongeza maana ya mhusika mkuu. Kiongozi wa njia analitaka jina la Livingstone limhalalishe. Meli iliponea kwa kuacha jina la gavana wa Kijerumani na kupewa jina lililotamkwa na wenyeji. Kati ya majina hayo mawili kuna hukumu ambayo kitabu hakiitoi, lakini inamfikia yeyote aliyewahi kuisubiri Liemba ufukweni.

Masimulizi ya asili ya Ufipa yanampa msomaji huyo kipimo kingine. Yanaeleza jinsi wanawake wageni walivyofika Milansi na kuupata utawala wa nchi kutoka kwa mtawala aliyewatangulia. Katika nchi yenye simulizi kama hiyo, mgeni anayedai haki kwa jina na nasaba si kioja. Ni mtu anayesikilizwa kwa makini, kwa kuwa dai lake linaweza kubadili nani anakalia kigoda. Madame Livingstone, anayechekwa kambini na maafisa wasio na subira, angekaribishwa Milansi kwa tahadhari na kuulizwa maswali ya kweli.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba Barly Baruti amefanya jambo ambalo vibonzo vya Kifaransa kuhusu Afrika vilikwepa kwa muda mrefu. Amemweka katikati ya picha mtu ambaye msafiri humtegemea na kumsahau, na ameuacha mtindo wa kuchora ambao usingemhitaji. Mpaka wa mafanikio hayo ni kiputo. Humo sauti ya kiongozi imebaki katika lugha ya wale anaowaongoza.

Mpaka huo hautavukwa na mchoraji peke yake. Vitabu vya Gado na wenzake vilithibitisha kwamba kiputo cha Kiswahili kinaweza kubeba simulizi refu, na Peponi imethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuipokea kazi iliyotungwa nje yake bila kuonekana kama kimeazima. Kinachobaki ni wahakiki kukubali kwamba vibonzo vinastahili usomaji huo, na wachapishaji kukubali kwamba Kiswahili cha ng'ambo ya pili ya ziwa hakihitaji kusahihishwa kabla ya kuchapishwa. Sharti hili la pili ndilo gumu zaidi, kwa kuwa linaulizia heshima yetu kwa jirani zetu wa Kalemie, Moba, na Uvira zaidi ya linavyoulizia dhamiri ya Brussels.